Kadi ya Ziada

Kosa langu la mwanzo, lile lililozaa mengine yote, ni kwamba sikuitazama video hadi mwisho. Bando liliisha. Nilikuwa nimeketi kwenye ngazi za jiko la Mama Lohay, hapa Karatu, mwezi wa pili tangu aniajiri, nikimsikiliza kijana mmoja wa ng'ambo akieleza kwa Kiingereza cha haraka jinsi mtu asiye na historia yoyote ya mikopo anavyoweza kuandikishwa kwenye kadi ya mkopo ya mtu mwenye historia nzuri. Anapewa kadi ya pili yenye jina lake, anaitumia, mwenye akaunti anabaki mwenye akaunti, na sifa ya yule mzuri inaanza kumhesabia na yule asiye na kitu. Video ilikuwa ya dakika kumi na nne. Niliona saba. Hizo saba nilizielewa vizuri mno, nikaziandika kwenye daftari kwa kalamu za rangi mbili, nikapiga mistari kwa rula. Saba zilizobaki sikuzitafuta, kwa sababu nilikuwa nimeshapata nilichokitaka.

Nayaandika haya kwa sababu mapema mwaka huu tulimzika mama yake Mama Lohay. Nilifika nikiwa nimechelewa, nikasimama nyuma, na kabla sijaona jeneza nikawaona watoto wawili wa marehemu. Mama Lohay alikuwa upande mmoja wa kaburi na mdogo wake Basili upande wa pili, kila mmoja na watu wake, kama familia mbili zilizokutana makaburini kwa bahati. Walirusha udongo kwa zamu bila kutazamana. Baadaye, kwenye foleni ya chakula, nikiwa nimeshika sahani ya makande, niliwasikia wanawake wawili mbele yangu. "Hawa mpaka leo?" akauliza mmoja. "Mpaka leo. Si kile kiwanja." "Lakini ni kweli kaka yake ndiye alimharibia benki?" "Wanasema. Kaka wa damu kabisa, shoga yangu." Yule wa kwanza akaguna, akageuka, akaniona, akaniambia nisogee chakula kisije kupoa. Nilisogea. Makande yale nikampa mtoto mmoja aliyekuwa karibu, nikaenda kusimama nyuma ya magari.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na tano. Nilikuwa nimejifunza kompyuta mwenyewe, Kiingereza mwenyewe, majina ya ndege mwenyewe, na kila nilichojifunza nilitaka kisiwe na doa. Mama Lohay alikuwa na kambi ndogo ya mahema tisa kwenye kiwanja cha kupanga, nje kidogo ya mji, mahali ambapo wageni hulala usiku mmoja kabla ya kupanda kwenda kreta kuona wanyama. Aliniajiri nishughulikie bukingi na barua pepe. Ofisi yangu ilikuwa stoo. Ukuta mmoja ulikuwa wa mbao, na upande wa pili wa mbao hizo ndipo palikuwa jikoni, kwa hiyo nilifanya kazi nikisikia kila kitu: mayai yakichemka, redio, na Mama Lohay akiwahimiza wasichana wafunge lanchi boksi za wageni kabla madereva hawajaanza kupiga honi. Dirisha langu lilitazama shamba la jirani la ngwara, zile za jamii ya kunde. Mezani nilipanga kalamu kwa urefu. Mlinzi wetu, Koinet, mtu wa Enguserosambu, huko kaskazini kwa wafugaji, aliyenizidi miaka mitatu, ndiye aliyeniita Profesa, na jina likanikaa. "Profesa," angesema akiinamisha kichwa mlangoni, "leo kalamu zote zimelala salama?"

Mwezi wa kwanza tu wa kazi nilikwenda benki kuuliza mkopo. Nilitaka kusomea uongozaji wa watalii, ninunue darubini nzuri, siku moja niwe na gari langu. Ofisa alitazama kompyuta yake akaniambia sina historia. Nikamuuliza historia inapatikana wapi. Akasema inapatikana kwa kukopa. Nikamuuliza nitakopaje bila historia. Akacheka, si kwa ubaya, akaniambia hilo wengi wanaliuliza. Nilitembea kwa miguu hadi kambini nikiwa na hasira iliyonichoma hadi masikio. Mtu ambaye hajawahi kumdhulumu mtu, nilijiambia, anahesabiwa sawa na mtu ambaye hayupo. Ndiyo maana zile dakika saba za video zilinishika namna ile.

Mama Lohay alikuwa na kadi ya mkopo. Benki ilimpa baada ya kukopa na kurejesha kwa miaka mingi bila kuchelewa hata mara moja, na yeye aliitumia mara chache sana, hasa kulipia ule mtandao wa nje unaotuletea wageni. Nilimkuta jikoni akichambua maharage, nikamweleza. Nilimchorea hata mchoro. Alinisikiliza hadi mwisho, akaendelea kuchambua, kisha akauliza, "Sasa hiyo kadi yako italipwa na nani?" Nikasema na mimi, kutoka kwenye mshahara na bahshishi. "Na usipolipa?" Nikasema nitalipa. "Sijauliza kama utalipa, nimeuliza usipolipa." Nikamwambia kwamba haitamgharimu kitu, kwamba jina lake litabaki lake na langu litakua pembeni yake. Nakumbuka nilisema hivyo, "pembeni," kama mche unaopandwa kando ya ukuta. Akafuta mikono kwenye khanga. "Wewe ni mtoto msafi," akasema. "Vitabu vyangu vyote umevinyoosha. Haya, niletee hizo fomu."

Kadi ilikuja mwezi wa tatu, ikiwa na jina langu limechongwa kwa herufi kubwa. Niliipeleka kwa Koinet aione. Akaigeuza. "Hii ni yako?" "Ni ya ziada. Akaunti ni ya mama, jina ni langu." Akafikiri. "Kwa hiyo ni kama ng'ombe wetu kule. Wako kumi na saba bomani, lakini wangu ni watano. Wengine ni wa rafiki wa baba, mzee wa Ololosokwan. Mimi nawachunga, nakunywa maziwa, chapa ni yake." Nikamwambia siyo hivyo, kwa sababu huku mchungaji naye anapata sifa. "Hata kwetu anapata," akasema. "Watu wanaona boma limejaa. Ila wote wanajua ni chapa ya nani."

Nilinunua darubini. Nilinunua buti, kitabu cha ndege, na kozi ya mtandaoni ya uongozaji, kisha kozi ya pili kwa sababu ya kwanza ilinionyesha nisichokijua. Sikununua hata soda ya starehe. Kila nilipolipa nilihisi naijenga ile historia, tofali juu ya tofali, na kwa kuwa video ilisema kadi itumike, niliitumia mpaka ikafika juu kabisa. Kisha mvua za mwezi wa nne zikashuka, barabara zikawa tope jekundu, wageni wakakauka na bahshishi ikakauka nao. Benki ikaandika kwenye barua pepe, ile ninayoifungua mimi, kwamba kuna kiasi cha chini kinachotakiwa kabla ya tarehe fulani. Nilikuwa nacho. Hapa ndipo ninapoona aibu ya peke yake, kwa sababu ni ujinga uliovaa nguo za usafi: sikutaka kulipa nusu. Kulipa kipande kulionekana kwangu ni uchafu, ni tabia ya watu wanaodaiwa. Nilitaka kulipa yote kwa mkupuo mmoja, ukurasa ubaki mweupe. Nikasubiri zipatikane zote. Tarehe ikapita, na ya mwezi uliofuata ikapita, na ya tatu. Zile barua za onyo nilizihamishia kwenye folda pembeni ili zisichanganyike na za wageni. Mwishoni mwa mwezi wa sita wageni walirudi, nikalipa yote. Nikatoka ofisini nikijisikia nimeoga.

Katikati ya mvua zile Koinet aliomba ruhusa ya siku nne. Tulikuwa jikoni wote, tunakunywa chai ya maziwa, moshi umejaa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Ng'ombe mmoja wa yule mzee wa Ololosokwan alikuwa amefia bomani kwao, na ilibidi ampelekee mwenyewe ngozi. "Ngozi tu?" akauliza Mama Lohay. "Siku nne kwa ajili ya ngozi? Si umpige picha umtumie?" Wasichana wakacheka. Koinet naye akacheka, lakini akatikisa kichwa. "Picha haina chapa ya kupapasa, mama. Ng'ombe wa mtu akifa kwako, unachuna, unaibeba mwenyewe, unamtandikia aone. Atakasirika, atanyamaza, basi. Usipompelekea anajua umemla." "Na kama kweli umemla?" nikauliza mimi, kwa utani. Koinet akanitazama juu ya kikombe. "Basi unapeleka ngozi haraka zaidi, Profesa."

Mwezi wa saba, kukiwa na ile baridi ya Karatu inayoingia kwenye mifupa, mwenye kiwanja alikuja akasema anauza. Kwa kuwa Mama Lohay alikuwa amepanga kwa miaka kumi na moja alimpa nafasi ya kwanza, mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Sijawahi kumwona amefurahi na kuogopa namna ile kwa pamoja. Alipima nafasi za vyumba kwa hatua zake mwenyewe: hapa vyumba viwili vya matofali, hapa jiko la kweli lenye bomba. Tulikwenda benki pamoja kuomba mkopo, yeye akiwa amevaa gauni la kanisani, mimi nikiwa nimebeba faili. Baada ya wiki mbili tuliitwa. Ofisa, mwingine, msichana mpole, alisema ombi halijapita. "Taarifa zako za mikopo zina ucheleweshaji, mama." Mama Lohay akacheka, akidhani amechanganywa na mtu. "Mimi?" Ofisa akasema anaweza kuomba nakala ya taarifa zake, itatumwa kwa barua pepe. Mama Lohay akanigeukia mimi. "Profesa ataishughulikia," akasema kwa fahari, kama mtu aliyekuja na wakili wake.

Nakala ilikuja Alhamisi, saa nne asubuhi. Niliisoma stoo nikiwa nimesimama. Mkopo wa pampu ya maji aliochukua Basili, ambaye analima vitunguu Mang'ola, mkopo ambao dada yake alimdhamini, ulikuwa umelipwa wote, bila doa. Mikopo ya zamani ya Mama Lohay, bila doa. Chini kabisa ilikuwa kadi. Imetumika hadi kikomo, imecheleweshwa miezi mitatu mfululizo, imelipwa. Jina langu halikuwepo popote. Doa lote lilikuwa chini ya jina lake. Upande wa pili wa mbao Mama Lohay alikuwa anakaanga vitunguu. "Profesa, imekuja?" Nikasema imekuja. "Inasemaje?" Nikasema kuna ucheleweshaji. Mwiko ukaacha kugonga sufuria. "Wa Basili?" Nilikuwa na muda wa kutosha. Watu husema maneno ya namna hiyo huponyoka. Langu halikuponyoka, nililiangalia kabla sijalitoa. Nikasema, "Inaonekana hivyo."

Basili alikuwa mtu wa kelele na mizaha, hakuwahi kuja mikono mitupu. Alikuja Jumapili ile na gunia la vitunguu begani. "Dada! Bado unawalisha wazungu mayai ya kuchemsha?" Nilikuwa stoo nakunja hema. Nilimsikia Mama Lohay akimwambia alitue gunia hapohapo mlangoni, asiingie. Kisha wakasemezana kwa Kiiraqw, haraka, nami nilielewa kila neno. Basili alipochanganyikiwa alirudi kwenye Kiswahili, kama vile lugha ya ofisi ingemtetea. "Nilimaliza ule mkopo, dada. Karatasi ninayo." "Karatasi! Benki ndiyo waongo?" "Basi mwite Profesa asome." "Profesa ameshasoma." Nilikuwa nimeshika kamba ya hema, naikunja mara ya nne au ya tano. Ningehitaji tu kusukuma mlango, hatua tatu. Nilimsikia Basili akisema taratibu, "Mama atasemaje?" na Mama Lohay akamjibu, "Nitampoteza mama kabla sijakusamehe wewe. Beba vitunguu vyako." Akavibeba. Nilimwona dirishani akipita kando ya ngwara, gunia limemwelemea upande mmoja.

Kiwanja kilinunuliwa na mtu wa Arusha. Mwezi wa tisa tuliyashusha mahema. Koinet alipokuwa anang'oa vigingi alinisogelea, akaniambia bila kunitazama kwamba yeye hajui kusoma barua za benki, lakini anajua uso wa mtu aliyebeba kitu. "Sikuulizi," akasema. Niliendelea kuhesabu vigingi. Kabla ya Krismasi, nikiwa sina kazi, nilirudi benki kwa yule ofisa wa kwanza. Nilijiambia kwamba angalau kitu kimoja kilikuwa kimebaki katika uharibifu ule, kwamba mwishoni nililipa yote, na kwamba historia yangu, hata iwe na kovu, ilikuwa imeanza. Akaandika jina langu, akasubiri, akageuza kioo nione. Hapakuwa na kitu. Akanieleza kwa upole kwamba kadi ya ziada haimhesabii anayeishika. Inamhesabia mwenye akaunti peke yake, kwa mema na kwa mabaya. Huko kwenye nchi za video labda ni tofauti. Hapa nilikuwa bado mtu ambaye hayupo. Jioni hiyo nilinunua bando kubwa, nikaitafuta ile video, nikazitazama dakika saba zilizobaki. Yote yalikuwemo. Kijana yule alisema tena kwa kusisitiza, akiwa amenyoosha kidole: kwanza uliza kama benki ya kwenu inaripoti jina lako, usiijaze kadi, na kumbuka ukichelewa unamwangusha aliyekuamini.

Miaka sita nimejitahidi kuwa mtu mwema kwa kila mtu asiye Mama Lohay. Nimekuwa mwongoza watalii, na wageni wananisifu kwamba sikosei jina la ndege. Nilijua anapika lanchi boksi nyumbani kwake sasa, anauzia kampuni za wengine, na kila zilipopakiwa kwenye gari langu nilikuwa nazila huko kreta nikitazama upande mwingine. Ningeweza kuendelea hivyo. Kilichonishinda ni lile kaburi, na udongo uliorushwa kwa zamu.

Siku ya tatu baada ya mazishi, siku ya kikao cha ukoo, nilikwenda stationari mjini nikachapisha karatasi tatu, nakala ya taarifa za mikopo na hesabu za kadi, kutoka kwenye ile folda ya barua pepe ambayo sikuwahi kuifuta. Nilimkuta Mama Lohay sebuleni, kwenye kochi la karibu na jiko. Basili alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kofia magotini, kama mgeni aliyekuja kuulizia kitu. Wazee walikuwa wametoka nje. Nikaomba niseme neno, nikaziweka karatasi mezani. Mama Lohay hakuzigusa. "Sina miwani," akasema. Basili akainuka, akazichukua, akasoma kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Alisoma mkopo wa pampu: umelipwa wote. Alisoma kadi. Aligeuza karatasi ya pili, akasoma darubini, buti, kozi, na pembeni ya kila kimoja maneno "kadi ya ziada" na jina langu lote. Akaiweka karatasi mezani.

"Miaka sita, Profesa," akasema. "Mama amekufa ananiuliza nilimfanyia nini dada yangu."

Nilikuwa nimeandaa maelezo, marefu, yaliyopangwa vizuri. Nilichoweza kusema ni, "Nimeleta ngozi, mama." Nilidhani hatakumbuka. Alikumbuka. Alinitazama, macho yamevimba kwa siku tatu za kulia, na sikuona hasira, ambayo ningeipokea kwa shukrani.

"Ngozi ya miaka sita inanuka," akasema. "Ulikuwa unakula mezani kwangu. Nilikuwa nakuwekea ukoko wa wali kwa sababu unaupenda." Kisha akamgeukia mdogo wake. Akamuuliza, kwa Kiiraqw, kama amekula. Basili akasema bado. Mama Lohay akainuka akaingia jikoni, tukasikia mfuniko wa sufuria, akarudi na sahani moja. Akamwekea Basili. Nikatoka.

Kiwanja hakikurudi. Kuna hoteli ya ghorofa moja pale sasa. Nimeanza kumlipa Mama Lohay kidogo kila mwezi, kiasi tulichokubaliana mbele ya Basili, na ninalipa kipande kipande, kabla ya tarehe, hata kikiwa kidogo cha kuaibisha. Nina mkopo mmoja mdogo benki, kwa jina langu, bila mdhamini. Basili anapeleka vitunguu kila Jumapili ya pili. Koinet amerudi Enguserosambu, nilimpigia, akasikiliza, akasema, "Sawa." Na Mama Lohay haniiti tena Profesa. Ananiita Danieli, kama ilivyoandikwa kwenye kadi.